Askari wa kawaida enzi za Napoleon walikuwa wanaishi vipi? Sio majenerali, nauliza wale wa chini kabisa

Mjukuu wa Keya

Wakuu habari za jioni. Nina swali na naomba mnivumilie maana nitaeleza kwa urefu kidogo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa keya, alipelekwa Burma vita vya pili akarudi salama. Sisi wajukuu tulikuwa tunamzunguka jioni tunataka atuhadithie alivyopigana na Wajapani, na hata siku moja hakutuhadithia hayo. Yeye ni mvua, ruba, mabuti yaliyooza miguuni, na jamaa mmoja wa Songea waliyekuwa wanakula naye mestini moja. Hiyo mestini alirudi nayo, bibi akaigeuza kipimo cha maharage, mpaka leo ipo imebonyea upande mmoja.

Sasa tangu mwaka jana nimeingia kwenye kusoma vita vya Napoleon na nimependa kweli, ila kila ninachoshika ni ramani na mishale, Austerlitz, Jena, Wagram, nani alimzunguka nani ubavuni. Yule aliyebeba gobore simuoni. Alikuwa anakula nini na anakula na nani? Analala wapi? Mke na watoto wanabaki na nani? Na wenyewe kwa wenyewe kambini walikuwa na taratibu gani, maana najua watu wakikaa pamoja miaka lazima wawe na desturi zao. Mwenye kujua anisaidie, hata kama ni jambo dogo.

MchimbaKale

Mkuu babu yako alishakuonyesha mlango. Askari wa Napoleon walioacha kumbukumbu zao nao wanaongea hivyo hivyo, tumbo na miguu kwanza, vita baadaye.

Ngoja nianze na chungu maana ndo kila kitu. Kwenye jeshi la Wafaransa wakiwa kambini kulikuwa na kitu wanaita ordinaire, yaani kikundi cha askari wanaochanga sehemu ya mshahara na kupika pamoja, koplo anashika hela, wanaenda sokoni kununua kabichi, viazi na vitunguu vya kuongezea kwenye posho. Posho yenyewe kwa siku ni mkate karibu robo tatu ya kilo, nyama robo kilo, mchele kidogo au kunde kavu, na mvinyo robo lita siku ambayo upo. Supu inapikwa mara mbili kwa siku. Sasa angalia ulaji wenyewe: sufuria inawekwa chini katikati, wanasimama duara, kila mtu na kijiko chake mkononi. Unapiga hatua moja mbele, unachota kijiko kimoja, unarudi ulipokuwa umesimama, unatafuna huku mwenzako anasogea kuchota chake, inazunguka hivyo hivyo mpaka sufuria inabaki tupu. Huchoti viwili, huchimbi kutafuta nyama. Aliyekulia kwenye sinia moja na ndugu zake hapo haitaji kuelezwa, mwenye pupa anajulikana siku ya kwanza.

Kulala nako ni kwa pamoja, kitanda kimoja watu wawili. Kuruta mara nyingi anapangwa na mzee wa kazi, na huyo mwenza wa kitanda ndo anayemfundisha kufunga begi la mgongoni, kusafisha gobore, kuficha hela, kuongea na sajini. Mtu anaweza kukaa jeshini miaka kumi akamuona Napoleon mara mbili kwa mbali, lakini mwenza wake wa kitanda anamjua mpaka anavyokoroma. Ndo maana nasema ukitaka kulielewa lile jeshi usianze na ramani, anza na watu sita saba wa sufuria moja.

Hayo ni ya kambini. Safarini mambo yanabadilika kabisa, maana jeshi la Napoleon lilikuwa linakimbia sana kwa sababu halikusubiri magari ya chakula, lilikuwa linachukua njiani, na njiani maana yake ni ghala la mkulima na ng'ombe wa mkulima. Kwenye nchi yenye rutuba kama kusini mwa Ujerumani ilikuwa inawezekana. Hispania na Ureno ikawa balaa, wakulima wamefukia nafaka wamekimbilia milimani na askari akijitenga na wenzake kutafuta chakula anakutwa amechinjwa. Machi 1811 jenerali Masséna alilitoa jeshi lake Ureno likiwa limeishiwa nguvu kwa njaa, baada ya kukaa miezi mbele ya ngome za Torres Vedras nchi yote ya jirani ikiwa imesafishwa chakula.

Kuna tukio la 1809 huwa siachi kulisimulia. Baada ya vita vya Aspern, majeruhi wengi walikwama kwenye kisiwa cha Lobau katikati ya mto Danube na chakula hakuna. Daktari mkuu Larrey akaamuru farasi wachinjwe, hata wa maofisa, masufuria hayapo wakachukua zile ngao za chuma wanazovaa kifuani wapanda farasi wazito wakazigeuza vyungu, chumvi nayo hakuna wakatia baruti kwenye supu. Watu wakanywa wakaishi.

Mama Zuhura

Asalam alaykum ndugu zangu. Mimi najibu hilo la wake maana kila nikisoma vita hivi hilo ndilo linalonikaa rohoni.

Upande wa Waingereza, kikosi kikipata amri ya kwenda ng'ambo kila kombania ya watu kama 100 iliruhusiwa kuchukua wake sita tu. Sita! Na walioolewa ni zaidi ya hao. Basi wanapigiwa kura, vikaratasi vinatiwa kwenye kofia, kingine kimeandikwa anaenda kingine haendi, mara nyingi jioni moja kabla ya kupanda meli, mwanamke amebeba mtoto mgongoni anaingiza mkono anatoa kikaratasi na wengi hawajui kusoma wanasomewa. Akitoa cha haendi ndo basi, mume anaondoka kesho, yeye anabaki bandarini na kwao ni mbali na mshahara wa mume hauji. Wengine hawakuonana tena.

Aliyebahatika kwenda naye maisha yake si mteremko. Anapewa nusu posho, mtoto robo, kwa hiyo inabidi afanye kazi, anafua, anashona, anauguza, anatembea nyuma ya jeshi na punda wake amepakia vyombo. Na mume akifa vitani, yule mama hana tena jina kwenye orodha ya posho, anapewa muda mfupi tu, ndio maana utasoma mjane kaolewa na askari mwingine wa kombania ile ile ndani ya siku chache. Watu wa siku hizi wanalisema vibaya hilo jambo. Mimi nasema wamuweke dada yao pale, Hispania, mvua inanyesha, hajui lugha, ana mtoto wa kunyonya, halafu waseme yeye afanyeje. Eda anayo, hana pa kuikalia.

Wafaransa wao walikuwa na wale kina mama wauza vinywaji, vivandière, ameolewa na askari wa kikosi, ana kipipa kidogo cha pombe kali kinaning'inia begani na kikombe chake, anauza na tumbaku, sindano, uzi, jibini. Anakopesha mpaka mshahara utoke, na mishahara ilikuwa inachelewa miezi. Siku ya vita anapita katikati ya moshi anawapa majeruhi, wengi siku hiyo hawakudai hela. Hawakuwa na sare zile nzuri za kwenye picha, hizo zimekuja baadaye, wao walivaa walichopata.

Na nimtaje mmoja. Aprili 1812 Waingereza waliuteka mji wa Badajoz Hispania, wakafanya mabaya ya kutisha kwa raia, siku kadhaa za kupora na kubaka, wenyewe maofisa wao walishindwa kuwazuia. Wakatoka mabinti wawili ndugu wakaenda kambini kwa maofisa kuomba hifadhi, masikio yanachuruzika damu kwa sababu askari walikuwa wamezinyofoa hereni. Mdogo alikuwa na miaka 14, Juana María. Ofisa kijana Harry Smith akamuoa siku chache baadaye, akazunguka naye vita vyote vilivyobaki vya Hispania, binti analala kwenye mahema anapanda farasi kama wao. Baadaye huyo mume akawa gavana wa Cape, Afrika Kusini, na ule mji wa Ladysmith kule Natal umeitwa kwa jina la mke wake, ndo huyo binti wa Badajoz.

Mkenya Halisi

Mama Zuhura umenifunza, Ladysmith nimepita na bus na sikujua. Lakini tusimwache Harry Smith hivyo. Huyo huyo ndiye 1847 alimlazimisha chief Maqoma wa Waxhosa apige magoti mbele ya watu akamkanyaga shingo na kiatu. Mtu anaweza kuwa mume mwema na afanye hiyo kwa mtu mwingine, wote wawili ni yeye.

Sasa swali langu, hao askari walikuwa wanachapwa ama? Na kulikuwa na watu weusi kwa haya majeshi? Nauliza serious, sijawahi kuona hata picha moja.

MchimbaKale

Mkenya Halisi, la Maqoma ni kweli kabisa na linatakiwa kusemwa.

Viboko: Wafaransa waliondoa kuchapa askari baada ya mapinduzi yao, kwao mkosaji anafungwa, anapewa kazi za adhabu, na kosa kubwa anapigwa risasi. Waingereza ndo walichapa. Mahakama ya jeshi iliweza kutoa hukumu mpaka mijeledi 1,200, na mjeledi wenyewe una mikia tisa. Mtu anafungwa kwenye mikuki ya masajini iliyosimamishwa kama mafiga, kikosi kizima kimepangwa kinatazama, daktari amesimama pembeni, na wanaochapa ni wapiga ngoma wa kikosi, wanapokezana kila baada ya 25 ili mkono usichoke. Daktari akisema basi, anashushwa anapelekwa hospitali, mgongo ukipona anarudishwa kumaliziwa zilizobaki. 1812 ndo wakapunguza kidogo, mahakama za ngazi ya kikosi zikaambiwa zisipite 300.

Na hapo hapo ndo swali lako la pili linaingia. Kikosi cha 29 cha Waingereza wapiga ngoma wake walikuwa weusi tangu 1759, kilianza na vijana kumi walioletwa kutoka Guadeloupe, na utaratibu huo ukaendelea mpaka 1843. Kikosi hicho kilikuwepo kwenye vita vya Talavera na Albuera, kule Hispania. Na kwa kuwa mpiga ngoma ndo mchapaji, mtu mweusi alikuwa anamchapa mzungu hadharani kwa amri ya mahakama, na mpaka 1807 meli za Waingereza wenyewe zilikuwa zinavusha watumwa Atlantiki.

Kikubwa zaidi ni vile vikosi vya West India. Kuanzia 1795 mpaka 1808 serikali ya Uingereza ilinunua watu kama 13,400, waliotekwa Afrika, ikawavisha sare nyekundu wakapigane Karibi kwa sababu askari waliotoka Ulaya walikuwa wanakufa kwa homa ya manjano na malaria kama nzi. Yaani mtu anatekwa kwao, anavuka bahari amefungwa minyororo, anashuka bandarini anapewa bunduki. Sheria ya 1807 ndo iliwafanya wale askari kuwa watu huru, kama 10,000 kwa mpigo.

Wafaransa nao walikuwa na jenerali Thomas-Alexandre Dumas, mama yake mtumwa wa Saint-Domingue (Haiti ya leo), alienda na Bonaparte Misri 1798, alivyokuwa anarudi akatekwa Italia akakaa jela miaka miwili, akatoka mgonjwa, akafa 1806, mjane wake akanyimwa pensheni. Na 1803 wakaunda batalioni ya wachimba mitaro weusi, 1806 ikapelekwa Naples. Hiyo 1803 ni mwaka mmoja tu baada ya Napoleon kuurudisha utumwa kwenye makoloni, 1802. Waliitumikia bendera ambayo ndugu zao ilikuwa imewarudisha mashambani, hilo mimi kila nikilifikiria linanikaba.

Mstaafu wa Lindo

Wadau salaam. Mimi nimetumikia jeshi miaka 22, nimestaafu nafuga kuku. Naongezea mambo ya miguu na lindo maana raia huwa hawayauliziagi.

Viatu vya wale jamaa havikuwa na kulia wala kushoto. Vyote sawa, vimeshonwa kwenye kalibu moja iliyonyooka, mguu wenyewe ndo unakizoesha. Chukua hicho utembee kilomita 30 kwa siku umebeba begi la ngozi, koti, gobore la zaidi ya kilo nne, na risasi zako. Mimi nimewahi kutembea kuruta na buti jipya zuri la kulia na kushoto na wiki ya kwanza nilikuwa nalia usiku, sijui wale walikuwa wameumbwaje. Ukisoma kumbukumbu zao utakuta maiti inavuliwa viatu kwanza kabla ya kuporwa hela, hiyo mimi naielewa bila maelezo.

La pili, kinywa. Risasi ilikuwa imefungwa na baruti yake ndani ya karatasi, unaing'ata kwa meno ya mbele, unamimina baruti kwenye mtutu, unashindilia. Kila risasi moja chembe zinakubaki mdomoni, na baruti ina shura, ina chumvi. Ukipiga risasi 20 midomo myeusi, ulimi umekauka kama kuni, kiu mpaka unawehuka. Ndo maana kijana asiyetaka kwenda jeshini Ufaransa wengine waling'oa meno yao ya mbele kabisa, na wengine wakakata kidole cha kuvutia trigaa. Kule sheria ya 1798 iliwaandikisha vijana wa miaka 20 mpaka 25, baadaye wakawa wanavuta namba, namba ndogo unaenda. Mwenye hela ananunua mtu wa kwenda badala yake. Aliyeoa anaachwa, kwa hiyo vijana walikuwa wanakimbilia ndoa.

Sasa hiyo kiu ndo imenifikisha Talavera. Tarehe 28 Julai 1809, Hispania, jua kali, wamepigana asubuhi wakachoka wote, vita vikasimama. Katikati yao kuna kijito kinaitwa Portina. Wafaransa wakashuka kuchota maji, Waingereza wakashuka, bila amri ya mtu. Wakanywa maji pamoja, wakapeana mikono juu ya kijito, wengine wakasaidiana kutoa majeruhi. Halafu tarumbeta zikapigwa kila mtu akarudi mstarini, wakaanza kuuana upya mpaka jioni, nyasi zikashika moto na majeruhi wakaungua pale pale.

Watu huwa wanaiona ajabu. Aliyekaa lindo haoni ajabu. Usiku mko mita mia mbali na adui, wewe una baridi yeye ana baridi, ukimpiga risasi leo kesho wanakuja kumlipizia na vita haviishi kwa kumuua mlinzi mmoja. Ndo maana kule Hispania walinzi wa pande zote mbili walikuwa na mapatano yao, hakuna kumpiga mlinzi, na kabla ya kusogea mbele kweli kweli unamuonya mwenzako aondoke. Walikuwa wanabadilishana tumbaku, konyagi ya Wafaransa kwa vitu vya Waingereza. Huo sio uhaini jamani, ni watu wanaojua kazi.

Chawa nisiwasahau. 2001 kule Vilnius mafundi ujenzi walifukua kaburi la halaiki, wakakuta mifupa ya zaidi ya watu 3,000, askari wa Napoleon waliofia pale Desemba 1812 wakirudi kutoka Moscow. Wataalamu wakapata mabaki ya chawa kwenye udongo na nguo, na 2006 wakaonyesha wale chawa na meno ya marehemu yana vijidudu vya homa ya chawa na homa ya mitaro. 2025 wengine wakapima meno ya watu 13 wa kaburi lile wakakuta homa nyingine mbili, moja ya tumbo na nyingine ya chawa inayokuja na kurudi. Kijana hajafa kwa mzinga wala mkuki. Alikuwa na baridi, wakakumbatiana kupata joto, chawa wakahama.

Mama Zuhura

Mstaafu Mungu akupe afya. Hapo kwenye kukumbatiana nimeshindwa kuendelea kusoma nikaweka simu chini.

Mjukuu wa Keya

Jamani sijui nisemeje, nimesoma yote mara mbili. Mstaafu, mabuti ya babu nimeyaelewa leo.

Mbili za mwisho kama hamjachoka. Moja, kuruta alikuwa anapokelewaje na wale wazee? Mbili, nyumbani walikuwa wanajua mtoto wao yuko hai? Babu alikaa miaka mitatu bila barua, alivyorudi alikuta ameshafanyiwa matanga.

MchimbaKale

Pole sana mkuu kwa hilo la matanga.

Kupokelewa: kila kikosi kilikuwa na mtego wake. Kijana Marbot, mmoja wa walioacha kumbukumbu, aliingia Hussars, wapanda farasi wepesi, 1799 bado hajaota ndevu, na Hussar bila sharubu haiwezekani, wote wanatakiwa wafanane. Basi yule mzee aliyepewa kumlea akamkalisha kwenye kiti, akachukua nta nyeusi akamchorea sharubu mpaka karibu na macho. Jua lilipowaka nta ikakauka ikavuta ngozi, kijana anaumia lakini hawezi kusema. Wengine walichokozwa makusudi wavutwe kwenye pambano la panga, ili ionekane kama kuruta atakimbia. Yalikuwa yamekatazwa na yalikuwa yanafanyika kila siku, na wengine walikufa kwa upuuzi wa neno moja mezani, huo upande mimi siupendi. Wale Walinzi Wakongwe, kikosi teule cha Napoleon, walivaa hereni za dhahabu na nywele ndefu zilizosukwa nyuma, na walikuwa wananung'unika mpaka wakapewa jina, grognards, wanung'unikaji. Mkubwa wao alikuwa analijua hilo na aliwaacha wanung'unike, maana walikuwa wananung'unika huku wanatembea.

Barua: wengi hawakujua kuandika. Coignet, mwingine aliyeacha kumbukumbu, alikuwa kibarua wa mashambani, kaingia jeshini 1799, kajifunza kusoma na kuandika ana miaka zaidi ya 30 kwa sababu bila hivyo hapandi cheo, akaja kustaafu kapteni. Asiyejua alikuwa anamuomba mwenzake wa sufuria amuandikie. Kwenye hifadhi ya nyaraka ya Liège, Ubelgiji, ambayo zamani zile ilikuwa chini ya Ufaransa, zimebaki barua nyingi za vijana wa kule, na ukizisoma nyingi zinafanana: nawasalimia wazazi, wajomba, majirani mmoja mmoja kwa majina, mimi mzima, nimemuona mtoto wa fulani, nitumieni hela. Waingereza walipata unafuu toka 1795, askari alituma barua kwa peni moja tu akisainiwa na mkubwa wake. Shilingi moja ndo ulikuwa mshahara wake wa siku, na kwenye hiyo anakatwa chakula na sabuni na viraka vya viatu mpaka inabaki kidogo sana.

Ila kifo hakikuwa na barua ya uhakika. Familia nyingi zilizopeleka mtoto Urusi 1812 hazikuambiwa chochote, wakawa wanasubiri tu, mwaka, miwili, mitano. Kama mwenza wa kitanda alirudi, alipita kijijini akasema. Kama na yeye hakurudi hakuna wa kusema.

Waliorudi nao hawakupokelewa vizuri, 1815 mfalme amerudishwa na hataki kusikia habari zao. Walikaa kimya zaidi ya miaka 40. 1857 ndo Napoleon wa 3 akatoa medali ya Sainte-Hélène kwa wote waliokuwa hai, wakajitokeza zaidi ya 400,000. Na kamera ilikuwa imeshaanza, wachache wao wakapigwa picha na sare zao za zamani, zipo mtandaoni tafuta. Wazee wa miaka sabini na themanini, sare imewapwaya, mmoja amesimama na kofia kubwa ya manyoya anatazama pembeni.

Mjukuu wa Keya

Nimezitafuta nimeziona. Huyo wa kofia ya manyoya nimemuangalia sana.

Jumamosi naenda kijijini kwa bibi. Ile mestini nitaipiga picha niiweke hapa muione.

Mstaafu wa Lindo

Ukifika igeuze uangalie chini, na ndani ya mfuniko kama mfuniko upo. Safisha taratibu usitumie steelwire. Askari tunakwaruza namba zetu kwa ncha ya kisu ili isiibiwe. Na kama walikuwa wanakula wawili, usishangae ukikuta namba mbili.